Mgomba unaokauka kingo si lazima uwe mgonjwa: milango ya potasiamu ndani ya mzizi na jani



Kiangazi kilichopita tulifika kwenye shamba la mwanachama mmoja katika milima ya Bushi, tukakuta panga limekwisha kunolewa. Mama mwenye shamba alikuwa ameamua kukata migomba yake yote. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ninyi wenyewe mulituambia, ugonjwa ukiingia tukate," alitwambia. "Sasa muangalie haya majani. Si njo ule ugonjwa?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uliingia kwetu kupitia Masisi mwaka 2001, na tangu hapo familia nyingi zimepoteza mashamba. Tulimwomba asubiri kidogo. Tukakata shina moja, tukangoja: hapakutoka usaha wa manjano. Tukapasua ndizi changa mbili: ndani zilikuwa nyeupe, hazikuwa na madoa wala hazijaiva kabla ya wakati. Ua dume lilining'inia zima, halijanyauka. Na jambo kubwa zaidi, majani ya juu yalikuwa kijani kabisa. Yaliyokuwa yanakufa ni yale ya zamani, ya chini, na yalianza kufa kwenye ncha na kingo: kwanza rangi ya chungwa, halafu kahawia, kisha jani linajikunja na kuvunjika.

Ile migomba haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na njaa ya potasiamu. Ushahidi ulikuwa nyuma ya nyumba: migomba mitatu iliyo karibu na jiko, pale mama anapomwaga majivu kila asubuhi, ilikuwa na majani mapana mpaka chini.

Panga lilirudi ndani. Lakini jioni ile, tulipokaa na wanachama wengine, waliuliza swali ambalo tulilijibu vibaya. Waliuliza: kama ni njaa, mbona watoto wanakula na wazee wanakufa? Kwa nini jani la juu lisikose na la chini likose? Tulisema "ni upungufu", tukapita. Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu kesho yake shambani. Kwa hiyo tunalirudia swali hapa, polepole.

Potasiamu haijengi mwili

Mnajua naitrojeni: inaingia ndani ya jani na kuwa jani. Inakuwa sehemu ya protini, sehemu ya ile rangi ya kijani. Fosforasi pia hujengwa ndani ya mwili wa mmea. Potasiamu iko tofauti. Mmea unachukua potasiamu nyingi sana, mara nyingi gramu 2 mpaka 5 katika kila gramu 100 za jani lililokauka, lakini hauijengi ukuta wala hauifungi mahali. Inabaki imeyeyuka ndani ya maji ya seli, kama chumvi ndani ya mchuzi.

Basi kazi yake ni nini? Inasaidia protini nyingi kufanya kazi zake, hiyo ni moja. Lakini kazi yake kubwa ni kuyaongoza maji. Mmea hauna moyo unaosukuma maji kama moyo wetu unavyosukuma damu. Unachoweza kufanya ni kuhamisha chumvi, na maji yanafuata. Kila mama anayekausha samaki anajua hilo: ukipaka chumvi nje, maji yanatoka ndani. Mmea unafanya vivyo hivyo kwa pande zote mbili. Ukiingiza potasiamu ndani ya seli, maji yanaingia na seli inajaa na kukaza. Ukiitoa, maji yanatoka na seli inalegea. Ugumu wa jani la mgomba linaposimama asubuhi ni wa maji yaliyobanwa ndani ya seli, na potasiamu ndiyo iliyoyaita.

Sasa, seli imezungushiwa ngozi nyembamba ya mafuta, na chumvi iliyoyeyuka haipiti kwenye mafuta. Lazima iwepo milango. Hapo njo penye habari yenyewe.

Mlango unaomkataa aliye mdogo

Milango ya potasiamu ni protini. Kila mlango umeundwa na vipande 4 vilivyosimama kwa mzunguko, na katikati yao pana tundu. Tundu hilo linapitisha mamilioni ya chembe za potasiamu kwa sekunde moja, na wakati huohuo linaikataa sodiamu, yaani ile iliyo ndani ya chumvi ya kula.

Ajabu ni kwamba chembe ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu. Mtu angesema mlango unaompitisha mkubwa utampitisha na mdogo. Kumbe sivyo. Chembe hizi zikiwa ndani ya maji hutembea zimevaa koti la maji, na koti hilo halipiti tunduni. Lazima livuliwe mlangoni. Kulivua kunahitaji nguvu, isipokuwa kama ukuta wa mlango unakushika vizuri namna ileile koti lilivyokuwa limekushika. Ndani ya tundu kuna atomu za oksijeni zilizopangwa kwa umbali unaoitosha potasiamu sawasawa. Potasiamu inavua koti la maji na kushikwa na ukuta pande zote, haioni hasara. Sodiamu, kwa kuwa ni ndogo, haiufikii ukuta pande zote. Ikivua koti inabaki uchi. Kwa hiyo inabaki nje na koti lake.

Jambo hili halikuwa la kubahatisha. Roderick MacKinnon na wenzake wa Marekani walionyesha umbo la mlango wa namna hii mwaka 1998, wakitumia mlango wa bakteria wa udongoni, na mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Milango ya mimea ilikuwa imeshapatikana mapema kidogo, mwaka 1992, na njia waliyoitumia inatupendeza. Watafiti walichukua hamira, ya jamii ileile ya kuumulia mkate, iliyokuwa na kasoro: ilishindwa kunyonya potasiamu ikiwa kidogo, ikawa inakufa. Wakaitia vipande vya urithi vya mmea, kimoja kimoja. Hamira nyingi zikaendelea kufa. Chache zikaishi. Zilizoishi zilikuwa zimepewa mlango wa mmea.

Mmea wenyewe ulikuwa gugu dogo la jamaa ya kabichi, ile tunayoita shu. Milango ya ukoo huohuo ilipatikana baadaye kwenye viazi ulaya, mahindi na mpunga.

Mzizi una betri

Potasiamu ndani ya seli ni nyingi kuliko ile iliyoyeyuka katika maji ya udongo, mara mia moja au zaidi. Mtu angetegemea itoke nje, kama watu wanavyotoka kwenye chumba kilichojaa. Kwa nini inaingia?

Kwa sababu mzizi umejitengenezea umeme. Kwenye ngozi ya seli kuna pampu ambazo kazi yake ni kutoa chembe za haidrojeni nje, usiku na mchana. Chembe hizo zina chaji chanya, kwa hiyo ndani panabaki hasi. Tofauti hiyo ni karibu volti 0.15, yaani kama moja ya kumi ya betri moja ya tochi. Inaonekana ndogo, lakini kwa chembe ya potasiamu, ambayo ni chanya, ni mvuto mkubwa: unatosha kuivuta hata kama ndani kuna nyingi mara mia kadhaa kuliko nje. Mlango ukifunguka, inaingia. Udongo ukichoka zaidi ya hapo, mzizi unatoa chombo kingine, kisicho mlango wa wazi, bali kama mbebaji anayelipwa: kila potasiamu inaingizwa pamoja na haidrojeni inayorudi ndani kwa nguvu. Kazi hiyo ni ya gharama zaidi.

Pampu zinakula. Zinahitaji sukari kutoka majani na hewa kutoka udongoni. Njo maana shamba la bondeni, maji yakituama wiki moja, linaweza kuonyesha njaa ya potasiamu hata kama udongo unayo ya kutosha. Mzizi usiopumua hauna umeme, na mzizi usio na umeme hauvuti kitu. Vilevile mgomba ulioliwa mizizi na vidudu. Kabla ya kununua mfuko wa mbolea, chimba kidogo uangalie mizizi ni myeupe na mizima au imeoza. Kumwaga mbolea juu ya mizizi iliyooza ni kumwaga pesa.

Potasiamu ikishaingia, mlango mwingine ulio ndani zaidi ya mzizi unaipitisha kwenye mishipa inayopanda juu. Lile gugu la jamaa ya kabichi, likinyimwa mlango huo peke yake, mzizi unaendelea kunyonya lakini majani yanapata potasiamu pungufu.

Midomo ya jani

Jani lina midomo midogo isiyoonekana kwa macho, maelfu na maelfu katika eneo la ukucha wa kidole. Kupitia midomo hiyo jani linaingiza hewa ya kutengenezea sukari. Kupitia midomo hiyohiyo maji yanatoroka. Ndiyo biashara ya mmea: kila ukifungua duka upate hewa, maji yanaibiwa.

Kila mdomo una seli mbili zilizokaa kama midomo yetu. Alfajiri mwanga ukizipiga, pampu zao zinaanza kazi, ndani panakuwa hasi zaidi, na milango ya potasiamu inayosikiliza umeme inafunguka kwa kuingiza. Potasiamu inaingia, maji yanafuata, seli zinajaa na kujipinda, na katikati panaachama. Jani limefungua kinywa.

Mchana udongo ukikauka, mmea unatuma habari kwa homoni iitwayo asidi ya absisiki. Seli za mdomo zikiipata, kwanza zinaachia chembe zenye chaji hasi, kisha umeme wa ndani unashuka, na hapo milango ya namna nyingine, ya kutoa tu, inafunguka. Potasiamu inatoka, maji yanatoka nayo, seli zinalegea, mdomo unafungwa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba mmea ulionyimwa mlango huo wa kutoa unapoteza maji mengi zaidi kuliko mwenzake, kwa sababu midomo haifungi vizuri.

Fikiria sasa mgomba wenye njaa ya potasiamu mwezi wa 7, saa sita ya mchana. Asubuhi midomo haikufunguka vizuri, kwa hiyo sukari ilikuwa kidogo na mkungu utakuwa mwembamba. Mchana midomo inachelewa kufunga, maji yanaenda. Mgomba unapata hasara mara mbili kwa siku moja. Wanachama wengi wametuambia: "Lakini udongo chini iko na unyevu, mbona unanyauka?" Maji yako. Wanaokosekana ni walinzi wa mlango.

Kwa nini wazee wanakufa kwanza

Tumerudi kwenye swali la ile jioni. Kwa kuwa potasiamu haijajengwa ndani ya mwili, inaweza kuchukuliwa tena. Jani changa linapokua linahitaji kujaza seli zake maji, na mkungu unahitaji zaidi. Mzizi usipoleta ya kutosha, mmea unafungua milango kwenye majani ya zamani, unatoa potasiamu, unaipitisha kwenye mishipa inayobeba sukari, unaipeleka kwa watoto. Jani la zamani linabaki bila chumvi ya kushika maji. Ncha na kingo zinakauka kwanza. Kwa hiyo si kwamba watoto wanakula na wazee wanasahauliwa. Wazee wananyang'anywa walichokula zamani.

Hiyo ndiyo tofauti tunayowaomba mshike kuliko zote. Njaa ya potasiamu inaanza chini, kwenye majani ya zamani, kwa kingo, na inaonekana kwenye migomba mingi kwa pamoja, hasa ile iliyo mbali na nyumba. Mnyauko wa bakteria unaweza kuanza kwenye jani lolote, hata changa, ambalo linanyauka kama limepigwa moto. Ua dume linakauka, ndizi zinaiva ovyo na ndani zina rangi ya kutu, shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Ukiona dalili hizi za pili, usingoje: kata shina lenye ugonjwa, na panga lipite kwenye moto au kwenye maji ya javeli kabla ya kugusa shina lingine. Ukiona zile za kwanza tu, weka panga chini. Kama una mashaka, mwite agronomu wa koperative kabla ya kukata, si baada.

Kamyo inaondoka na nini

Nyama ya ndizi mbivu ina karibu gramu 3 na nusu za potasiamu katika kila kilo 1, bila kuhesabu maganda, ambayo nayo yanayo nyingi. Tani 1 ya nyama ya ndizi ni kilo 3 na nusu zilizotoka shambani. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea 17-17-17 una potasiamu kilo 7 hivi. Namba ya tatu kwenye mfuko ndiyo yake, ingawa inahesabiwa pamoja na oksijeni, ndiyo maana si 8 na nusu kamili. Kwa hiyo mfuko mzima unarudisha kilichobebwa na tani 2 za nyama ya ndizi, kama mizizi ingenyonya yote bila kupoteza, jambo ambalo halitokei. Tunaomba kamati za koperative zipige hesabu hii kabla ya kuamua mwaka huu kununua urea peke yake kwa sababu bei yake iko chini. Urea haina potasiamu hata kidogo. Mgomba uliopewa naitrojeni bila potasiamu unatoa majani mengi, yaani midomo mingi isiyofunga.

Wanachama wa Masisi na Rutshuru wanaweza kusema kwao hawaoni shida hiyo. Ni kweli wana bahati: miamba ya volkano ya Virunga ina potasiamu nyingi, na udongo wake bado kijana. Udongo mwekundu wa Walungu ni mzee sana, mvua imeuosha kwa muda mrefu kupita hesabu. Mashamba hayo mawili hayawezi kupewa shauri moja, na sisi wenyewe tumewahi kukosea kwa kuandika shauri moja kwa wote.

Majivu na mvua

Kwa kuwa potasiamu imeyeyuka tu ndani ya mmea, inarudi udongoni haraka. Shina la mgomba uliovunwa, ukilikatakata na kulitandaza, mvua chache zinatosha kuanza kuiosha irudi chini. Shina hilohilo likibebwa kwenda kwa ng'ombe wa jirani, potasiamu imehama. Maganda yanayobaki pale wanapokamua ndizi za kasiksi yanaoza lundo moja nyuma ya nyumba, na mgomba mmoja wa hapo unanenepa peke yake. Yagawanye. Mbuzi nao: sehemu kubwa ya potasiamu wanayokula inatoka kwa mkojo, si kwa mavi, kwa hiyo weka majani makavu chini yao yanywe mkojo, halafu yapeleke shambani.

Majivu ya jikoni ni potasiamu iliyobaki baada ya kuni kuondoka. Hata jina la Kizungu la potasiamu limetoka kwenye maneno ya majivu na chungu, na Humphry Davy wa Uingereza aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1807 kutoka katika chumvi ya majivu. Wakongwe wetu wanaochuja maji ya majivu wanaijua chumvi hiyo kwa ulimi. Na kwa kuwa inayeyuka upesi, majivu yaliyokaa nje mvuani wiki mbili ni vumbi tupu kwa upande wa potasiamu. Chokaa inabaki, lakini kilichotafutwa kimeenda. Yahifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, chini ya paa.

Kwenye shamba la yule mama tulipatana hivi: sahani moja ya majivu kwa kila shina la migomba ya mbali mvua zinapoanza mwezi wa 9, yatandazwe kwa duara hatua moja kutoka shina, yafunikwe kwa majani makavu. Migomba ya jikoni ipumzike, imeshiba. Asichome mabaki ya shamba ili apate majivu, maana moto unapeleka naitrojeni angani na kuacha udongo uchi. Asichanganye majivu na samadi mbichi wala urea, harufu kali itakayopanda ni naitrojeni inayokimbia. Na asiyamwage shamba la viazi ulaya: majivu yanapunguza uchachu wa udongo, na ugonjwa wa upele wa viazi unapenda udongo usio na uchachu.

Aliuliza kama majani yaliyokauka yatarudi kijani. Hayatarudi. Aangalie yale mapya yatakayotoka, na ahesabu mangapi yanabaki mazima mpaka mkungu ukomae.